Uzi wa bakuli za kukereza: mti unaoupasua kuni unaushinda mninga kwa maua

Maranda (Tanga)

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa fanicha. Humu hakuna kitanda wala kabati, ni bakuli la mbao tu na mti lilikotoka.

Kila nikipita kwa mafundi nasikia wimbo mmoja: mninga, mkongo, msaji, halafu mninga tena. Mti mwingine wowote ni mbao za boksi au kuni. Kwa mlango na kitanda sina ugomvi na mtu. Ila kwenye bakuli la kukereza, yaani linalochongwa likizunguka kwenye mashine, nasema wazi: mwembe uliolala chini msimu mmoja wa mvua, mfenesi wa uani na mgrevilea wa kwenye kahawa inaushinda mninga kwa sura, yale maua ya mistari na rangi ndani ya mbao. Na bei yake mara nyingi ni soda ya yule kijana aliyekuja na chenso.

Sababu iko kwenye namna bakuli linavyoukata mti. Mbao ya kawaida imepasuliwa kwa urefu, kwa hiyo unachokiona ni mistari inayokwenda sambamba, basi. Bakuli linakata mti kwa pembe zote kwa mkupuo mmoja. Chini ndani utaona pete za ukuaji zimefunga umbo la yai. Ubavuni zinageuka mawimbi. Kwenye sehemu mbili za ukuta zinazotazamana unaangalia ncha za nyuzi zenyewe, na hapo rangi inakuwa nzito kwa sababu mafuta yanazama zaidi. Gogo lile lile, ukikata nusu na kuelekeza mdomo wa bakuli upande wa gome, utapata pete nyingi zilizobanana na ukingo wenye ule weupe wa nje ya mti. Ukigeuza, mdomo ukatazama kiini, bakuli linafuata mpindo wa pete zenyewe na maua yanatokea machache, mapana. Mabakuli mawili ya gogo moja, na mtu akiyaona mezani atabisha kwamba ni mti mmoja.

Kwa hiyo ukinunua mbao iliyonyooka, safi, isiyo na jicho la tawi hata moja, umelipa hela nyingi ukaacha uzuri wote kwenye lundo la kuni. Panda ya tawi, kidonda kilichopona, sehemu mti ulipojikunja, hivyo ndivyo ninavyovitafuta mimi. Haya, karibuni tubishane.

Kiti cha Mbele

Nimewahi siti. Picha mkuu, au tunasoma tu hewa?

Maranda

Simu yangu inapiga picha za kutia aibu bidhaa, acha nieleze kwa maneno. Picha ya bakuli la mwembe ikipigwa usiku kwenye taa ya umeme inaonekana sufuria.

Fundi Keko (Dar)

Naomba nitie neno, maana kazi hii nimezaliwa ndani yake. Wewe kaka unaandika kama mtu wa maonyesho. Mteja akija Keko anauliza maswali mawili: itadumu? Italiwa? Mwembe unaliwa. Weka ubao wa mwembe stoo, rudi baada ya masika, ukiugonga unamwaga unga chini. Mfenesi una nafuu. Mgrevilea ni wa mapaa na mageti ya ng'ombe. Mninga nikishaukausha, nikaupiga randa leo, mjukuu wa mteja ataukuta ulivyo. Hauchezi. Mbao isiyocheza ndiyo mbao.

Halafu kukereza nakujua. Matendegu ya vitanda na nguzo za ngazi nimekereza mpaka basi. Mbao yenye majicho kwenye mashine inaruka ikakupiga. Watu wasije wakaumia kwa sababu ya kusoma huu uzi.

Maranda

Fundi, shikamoo. Hoja zako ni nzito, nazichukua moja moja.

Kuliwa: kweli mwembe unabunguliwa. Lakini wale wadudu wanaoacha unga wanafuata wanga uliomo kwenye mti, na wanapenda mti uliokatwa ukaachwa na gome lake, ukakauka polepole stoo. Mimi gogo likianguka silihifadhi kama mbao. Nalikereza likiwa bado na unyevu. Ukuta wa bakuli ukiwa mwembamba unakauka upesi, na nikiona tundu hata moja bakuli linalala kwenye friji la kuganda siku kadhaa. Sipaki dawa, maana watu watakula humo.

Kucheza: hapa ndipo tunapoachana. Wewe unatengeneza mlango, lazima ufunge. Bakuli halifungi kitu. Mti wowote ukikauka unasinyaa, na kwa kuifuata pete unasinyaa takriban mara mbili zaidi kuliko kutoka kiini kwenda gome. Ndiyo maana bakuli lililokerezwa duara likiwa bichi linakauka likiwa na umbo la yai. Mninga unasinyaa kidogo sana, na hiyo ndiyo sifa iliyoufanya mfalme wa milango. Kwenye bakuli, kule kujikunja mimi nakuacha kwa makusudi pale nikitaka, na nisipotaka nakereza mara mbili.

Namna yenyewe ni hii. Nakereza kwanza kwa unene, ukuta uwe sehemu moja ya kumi ya upana. Bakuli la sentimita 30, ukuta sentimita 3. Nalipaka nta kwenye zile sehemu mbili zenye ncha za nyuzi, nalifunika na maranda yake yenyewe ndani ya boksi la karatasi, naliweka mahali pasipo upepo. Kila baada ya wiki kadhaa naliweka kwenye mizani. Uzito ukigoma kushuka, limekauka. Limejikunja, ndiyo, ila ule unene wa ziada unanipa nafasi ya kulirudisha kwenye mashine na kuliweka duara tena. Kiini cha mti, ile nukta ya katikati kabisa, hakiingii kwenye bakuli hata siku moja, kwa sababu nyufa zote zinaanzia pale.

Na la usalama uko sahihi asilimia mia. Nitaliandikia peke yake.

Nyuki wa Sikonge (Tabora)

Mnatutukania mninga wetu tukiwa tumekaa kimya.

Mwenye uzi, wewe mninga umeukuta Tanga umeshapigwa randa. Njoo huku uone ukikatwa. Ule utomvu mwekundu unaotoka, mtu mgeni anaweza kudhani mnyama amechinjwa pale. Na mninga si mmoja. Kuna uliokulia mlimani kwenye changarawe, huo una kiini cheusi cheusi chenye mistari ya zambarau. Kuna wa bondeni kwenye udongo mzuri, umekimbia kukua, mbao yake ni ya njano hafifu na nyepesi. Wapasuaji wa zamani wanakuambia mti utakuwa na rangi gani kabla ya kuuangusha, kwa kuangalia uliposimama na gome lake lilivyopasuka. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja na kiangazi ni kirefu, kwa hiyo pete zake zinasomeka kabisa: mwaka wa njaa unauona pete zimebanana.

Sasa utaniambia huo hauna maua?

Maranda

Mkuu wa Sikonge, hapo umenipiga na nimekubali pigo. Huo wa changarawe wenye zambarau sijaupata mkononi, wanaotuletea wanachanganya yote. Lakini angalia unachokisema: uzuri wake umetoka kwenye mahali uliposimama na shida uliyoipata. Hiyo ndiyo hoja yangu. Sokoni tunauziwa jina, hatuuziwi mti.

Na kama una kipande cha panda ya tawi hapo, kile mnachokitupa, tuongee bei pembeni. Kiwe na hati zake tu.

Bint Unguja

Assalaam alaykum. Mie si fundi, ni mlaji wa kwenye vyombo. Nyumbani kwetu mna chano cha mbao cha bibi, chapepetewa mchele mpaka leo, na hakuna anayejua ni mti gani. Kimepinda hivi upande mmoja, ukikiweka mezani kinayumba. Ndani kimekuwa cheusi kinang'ara. Je, hicho kilikerezwa au kilichongwa kwa tezo? Na ule weusi ni wa mti au wa mikono?

Maranda

Waalaykum salaam dada. Kigeuze uangalie mgongoni. Kikiwa na alama fupi fupi zisizofuatana, ni tezo. Kikiwa na mistari myembamba ya duara inayozunguka kati, na kitovu katikati, ni mashine. Kukereza ni ufundi wa zamani huko kwenu, matendegu ya vitanda vya samadari ni ushahidi, ila vyano vingi nilivyoviona ni vya tezo.

Weusi huenda ni vyote viwili. Mbao karibu zote hubadilika rangi kwa mwanga na hewa. Mfenesi ndio unaonishangaza zaidi: siku unapoukata ni njano ya kupayuka, njano ya manjano, na rangi hiyo ni kali kiasi kwamba huko Asia ya Kusini Mashariki walitumia vipande vyake kutia rangi majoho ya watawa wa Kibuda. Uweke dirishani miezi michache, unaanza kuwa kahawia ya asali. Ukienda miaka ni kahawia iliyoiva. Mpingo nao unakwenda kwenye weusi zaidi. Mteja asiyejua hili anarudisha bakuli akidai nimemuuzia kitu kilichofubaa, kwa hiyo namwambia mapema.

Hicho chano usikipige msasa hata mtu akikushawishi vipi.

Kihamba (Moshi)

Kuhusu mgrevilea, huku kwetu kila shamba la kahawa unao, umepandwa kutoa kivuli, na tunaukata matawi kila mwaka kwa kuni. Nimesoma hapo juu kuwa una sura, nikaenda kupasua gogo kwa shoka. Naona madoa madoa yanayong'aa upande mmoja, upande mwingine hayapo. Ndiyo hayo?

Maranda

Ndiyo hayo hayo! Mti una nyuzi zinazopanda juu, lakini pia una mishipa inayotoka kiini kwenda gome, ya kubebea chakula kwa upande. Kwenye miti mingi mishipa hiyo ni midogo huioni. Mgrevilea yake ni mikubwa mno. Ukipasua kwa kupita kwenye kiini unaikata ubavuni, inaonekana mabaka yanayong'aa. Ukipasua kwa kufuata pete unaikata kichwa, inabaki vijistari vifupi. Kwenye bakuli unapata vyote: ukilizungusha mkononi mabaka yanakuja, yanapotea, yanarudi. Hakuna mninga unaofanya hivyo.

Tahadhari moja: vumbi na utomvu wa mgrevilea unawasha ngozi za watu wengi, mtu anatoka vipele mikononi. Mwembe vilevile, hasa kwa mwenye mzio wa maganda ya embe. Mvule na mninga vinakaba pua na kifua. Barakoa ya kitambaa haitoshi, tafuta ile ya vumbi ya mafundi rangi.

Fundi Keko

Mvule umeutaja kwa vumbi tu ukaacha balaa lake lenyewe. Una mawe ndani. Msumeno mpya unapita vizuri, mara cheche, meno yote yamelala. Unapasua unakuta jiwe jeupe kabisa, gumu, limejificha kwenye mti.

Maranda

Kweli fundi, ni chokaa inayojijenga ndani ya mti, mara nyingi karibu na kidonda. Na msaji nao una mchanga mchanga laini uliomo kwenye nyuzi, hauuoni, lakini patasi inaisha makali kabla hujamaliza upande mmoja. Huku tuko jirani na shamba la Longuza, vipande vya msaji vinapatikana, na pete zake zinasomeka vizuri sana. Ila nikikereza msaji nakuwa na jiwe la kunolea mkononi muda wote.

Dom Makole

Nilinunua bakuli la mbao Dar, zuri kabisa. Nimefika nalo Dodoma, kiangazi kimeingia, limepasuka kuanzia mdomoni mpaka katikati. Nimetapeliwa au ni hewa?

Maranda

Pole. Inawezekana ni hewa. Mbao haikauki ikamaliza. Inaendelea kunywa na kutoa unyevu kulingana na mahali ilipo. Iliyotulia Dar kwenye hewa ya bahari ikifika Dodoma inaanza kusinyaa upya. Bakuli lenye ukuta unaolingana unene kila mahali linasinyaa kwa pamoja na mara nyingi linavumilia. Lenye tako nene na ukingo mwembamba linavutana lenyewe kwa lenyewe mpaka liachie. Angalia ufa ulipofika, pima unene wa pale kwa vidole. Na kama ufa unaelekea kwenye nukta ndogo nyeusi, fundi aliacha kiini ndani, hapo una haki ya kulalamika.

Mtoro wa Toronto

Nathibitisha. Baridi ikianza na hita ikawaka mwezi mzima, hewa ya ndani inakauka kuliko hiyo ya Dodoma. Langu la mkongo limejikunja, halijapasuka. Nililiweka jikoni karibu na birika, limetulia.

Kijana wa Mota

Wakuu, nataka kuunda mashine mwenyewe. Nina mota ya horsepower 1, imeandikwa 1440. Inatosha? Nimeambiwa kasi ikiwa kubwa ndiyo bakuli linatoka laini.

Maranda

Aliyekuambia hivyo hajawahi kupigwa na gogo.

Kanuni tunayoitumia: chukua upana wa bakuli kwa inchi, zidisha na mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 12 linataka mizunguko 500 mpaka 750. Mota yako ukiifunga moja kwa moja kwenye mhimili, bakuli hilo litazunguka 1,440, karibu mara mbili ya kikomo. Weka puli ya inchi 3 kwenye mota na ya inchi 6 kwenye mhimili, unapata 720. Hiyo ni kwa kipande kilichokwisha kuwa duara. Gogo likiwa bado na kona anza chini zaidi: puli ya inchi 2 na nusu kwenda ya inchi 8 inakupa 450. Tafuta puli zenye ngazi ili uhamishe mkanda.

Sasa lile la usalama nililomwahidi Fundi Keko. Usivae glavu, zikinaswa zinaondoka na mkono. Mikono mirefu, kanga iliyofungwa kiunoni, cheni ya shingoni, utepe wa kitambulisho, vyote nje. Kioo cha uso, siyo miwani tu. Ukiwasha mashine usisimame mbele ya gogo, simama pembeni mpaka litulie. Na mtoto asiwe nyuma yako kuja kuangalia.

Kukata kwenyewe: gogo linashikwa kwanza kwa sahani ya chuma yenye skrubu upande utakaokuwa mdomo. Unakereza nje, unatengeneza kikonyo kifupi chini ya tako, halafu unaligeuza, chaki (kile kishikio chenye meno cha mashine) inashika kikonyo, unachimba ndani. Nje unakata kutoka takoni kwenda mdomoni. Ndani unakata kutoka mdomoni kwenda katikati. Ukienda kinyume unazinyanyua nyuzi badala ya kuzikata, na msasa wa wiki nzima hautaziba yale mashimo. Mgongo wa makali uguse mbao kwanza, ndipo uinue mpini taratibu mpaka makali yaanze kula.

Kijana wa Mota

Asante kwa madini. Na nitajuaje kama nakata vizuri?

Maranda

Sikio na maranda. Chukua mwembe mbichi. Ukikata sawasawa, maranda yanatoka marefu, yamelowa, yanaruka juu ya bega na kubandika ukutani, na patasi inatoa sauti moja tu, ya kuzomea. Ikiwa gogo lilishalala chini likapata kuvu, mara sauti inabadilika, inakuwa nzito, inagugumia. Umefika kwenye doa la kijivu au la waridi, pale kuvu ilikwisha kulainisha mbao. Maranda yanageuka unga. Simama hapo hapo, zima mashine, noa. Pitisha mafuta kidogo kwenye doa, kisha kata tena kwa wepesi, kama unayemenya embe bivu hutaki kupoteza nyama.

Kwenye doa hilo ndiko kuna kitu nilichokuja kukitafuta. Kuvu za aina mbili zikikutana ndani ya mti, zinajengeana ukuta, na ukuta huo ni mstari mweusi mwembamba unaopita ovyo ovyo. Huwezi kuuchora. Huwezi kuuagiza. Ukiacha gogo muda mfupi hupati kitu, ukiliacha muda mrefu linakuwa sponji na hata skrubu haishiki. Huku Tanga mimi naliweka kivulini, limesimama kwa ncha kwenye udongo wenye unyevu, nakata kipande kidogo mara kwa mara kuangalia. Vumbi la mbao hiyo usilivute kabisa.

Mkamba wa Changamwe (Mombasa)

Habari zenu ndugu wa upande huo. Sisi hapa tulilazimika kujifunza miti ya shambani, haikuwa hiari. Uchongaji wa Wamunyu, kwetu Ukambani, ulianzishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza kazi huko kwenu Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa miaka mingi kila mtu alitaka muhugu na mpingo, mpaka muhugu ukaadimika msituni. Ndipo tukaanza kuchonga mwarobaini, jakaranda, mwembe na mgrevilea. Wanunuzi walinung'unika mwanzoni. Leo mwarobaini ni kazi ya kila siku hapa Pwani: una wekundu mzuri, ila nyuzi zake zinasukana, mstari mmoja unakubali patasi na unaofuata unakataa.

Kwa hivyo mwenye uzi hajasema uongo. Lakini asijifanye amegundua jambo.

Kiti cha Mbele

Bakuli la mwarobaini, uji unaliwa na malaria inaondoka humo humo.

Maranda

Hahaha. Ndugu wa Changamwe, nimekuelewa na nimekaa chini. Nyuzi zinazosukana ninyi mmezizoea kwa kisu na tezo, kwenye mashine tunapita na makali yaliyonolewa upya na kina kidogo sana, basi.

Mama Mwenge

Mnapiga kelele za mwembe, watalii wananiuliza mpingo. Nina wachongaji wanaotaka kunikerezea vibakuli vya mpingo. Wanasema ni kazi ngumu na wananipandishia bei. Wananionea? Na mzungu akinunua atapita nao uwanja wa ndege?

Maranda

Mama, hawakuonei. Mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu inazidi kilo 1,200, ndiyo maana ukiutupa majini unazama. Shina lake ni jembamba, limejipinda, mara nyingi lina uwazi katikati, kwa hiyo kipande kizima cha kutosha bakuli ni nadra. Ukiupiga msasa kwa haraka unapata moto na kupasuka vijistari. Waambie wakuachie ule weupe wa nje kwenye ukingo: pete ya rangi ya maziwa juu ya weusi ndiyo inayoliuza. Wengi wanaukata kwa kudhani ni uchafu.

Kupita: mpingo uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, Kiambatisho cha II, tangu Januari 2017. Baadaye ikawekwa nafuu kwamba bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja hazidaiwi kibali cha CITES. Hiyo ni ya kimataifa. Kwa hapa ndani waulize TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) wenyewe, na malighafi yako iwe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Kama unataka mpingo wa uhakika, anza kuulizia vijiji vya Kilwa, vilivyopata cheti cha FSC cha uvunaji endelevu mwaka 2009. Mninga na mkongo navyo vimeingia Kiambatisho cha II, kwa magogo na mbao, baada ya mkutano wa 2022.

Bint Unguja

Na la kupaka? Nimeona watu wapaka mafuta ya kula, baada ya mwezi bakuli lanuka.

Maranda

Alizeti na ya mahindi yanachacha, acha. Famasi kuna parafini ya maji, ile inayouzwa kulainisha choo. Haina harufu na haiozi. Siyo mafuta ya taa, dada, soma chupa vizuri. Chukua nta ya nyuki kipimo kimoja, parafini vipimo vinne, weka kwenye bakuli la bati juu ya maji ya moto mpaka nta iyeyuke. Usiweke motoni moja kwa moja. Paka ikiwa vuguvugu, acha usiku kucha, futa. Ukiona mbao imepauka, rudia. Kulilowesha kwenye beseni la vyombo ni kulivunja.

Pwani ya Mafia

Mbona hakuna aliyeuliza mnazi? Huku tumejaa minazi mizee isiyozaa.

Maranda

Mnazi hauna pete wala kiini kigumu. Ugumu wake uko nje na katikati ni laini, kinyume cha miti mingine. Ndani kuna vishipa vyeusi vimetawanyika kwenye nyama ya kahawia. Ukivikata kichwa ni nukta, ukivikata ubavu ni mishale. Kwa bakuli dogo chukua mzee kabisa, sehemu ya chini ya shina, futi chache kutoka ardhini, na usiingie ndani zaidi ya inchi mbili au tatu kutoka gome. Unakula makali vibaya sana.

Fundi Keko

Nimesoma mpaka hapa. Bakuli endeleeni nalo. Mlango wa mwembe siweki.

Kihamba

Mwenye uzi, kuna mfenesi mkubwa kwa shemeji yangu Muheza, umeegemea nyumba, unaangushwa Jumamosi. Watu wa kupasua mbao wameshaitwa. Niwaambieje?

Maranda

Waambie shina lililonyooka wachukue wao. Mimi naomba pale linapogawanyika matawi, na lile nundu kama lipo. Wasilipasue mbao. Wakate mapande marefu kuzidi upana wake kwa kiganja, maana ncha zitapasuka na hiyo ziada nitaikata. Siku hiyo hiyo kila pande ligawanywe mara mbili kwa kupita katikati ya kiini, halafu ncha zipakwe rangi ya ukutani iliyobaki, yoyote ile, nzito. Gome liachwe. Wafunike kwa magunia kivulini, siyo turubai, litaota ukungu. Nakutumia namba pembeni, nitakuja na pikapi Jumapili asubuhi. Upana wake kifuani ni kiasi gani?

Kihamba

Nimempigia. Anasema watu wawili wakishikana mikono hawaumalizi.

Maranda

Basi nakuja Jumamosi.